Likelemba ya Nyota

Mimi, Mama Djamali, ni wifi yake Rachida, na wifi kazi yake njo kusema. Basi nitasema. Asiyetaka kusikia aende akatwange sombe yake ya majani ya mihogo.

Hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, wanamwita Mama Rehema, kwa jina la binti yake. Ana malewa, yaani mgahawa wake mdogo wa mabati na mabenchi, njiani unaposhuka bandarini, ambapo wasafiri wa mto na wabeba mizigo wa treni wanakula wali na samaki kabla ya safari. Wali wake ni mchele wa huku huku Maniema, haushikani, na pilipili yake ikikupata vizuri unakumbuka madhambi yako yote. Lakini si wali uliompa sifa. Sifa aliipata kwa swali lake. Ukimwambia chumvi imepanda bei, atakuuliza, "Uliona na macho yako?" Ukimwambia treni imefika, "Uliona na macho yako?" Kaka yangu Soudi, Mungu amrehemu, alipoleta posa alijisifu kwamba ana shamba la mpunga. Bibi harusi akaomba apelekwe alione kwanza. Yoo! Ukoo mzima tuliona haya. Shamba lilikuwepo, ila lilikuwa dogo kuliko maneno ya kaka yangu. Rachida akasema, "Dogo si neno, mradi lipo," na ndoa ikafungwa.

Watu wanacheka. Hawajui swali lile lilizaliwa wapi. Mimi najua.

Wakati wa vita ya pili mji huu ulifungwa. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine porini, na sisi katikati tunakula majani ya mihogo bila mihogo yenyewe. Treni haikuja, boti hazikuja, chumvi ikawa kitu cha kuota ndotoni. Baba yake Rachida, mzee Bulaimu fundi cherehani, alikuwa na shamba nje ya mji, mihogo imekomaa inamngoja. Asubuhi moja neno likapita sokoni: njia ya mashamba imefunguliwa, watu wanapita, hakuna anayeguswa. Kila mtu alilisema na kila mtu alilisikia kwa mwingine. Mzee Bulaimu akachukua kikapu chake, akamchukua na mtoto wake wa kiume, wakaenda. Hawakurudi. Mpaka leo hatuna hata kaburi la kusimama tukawasomea fatiha.

Rachida alikuwa msichana tu. Matanga yalipokwisha, akaanza kuzunguka soko. Alimwendea aliyempa baba yake lile neno, akamuuliza, "Wewe nani alikuambia?" Yule akamwonyesha mwingine, na mwingine akamwonyesha mwingine. Watu walimfukuza, walimwita mwenda wazimu, naye akarudi tena. Mwisho akafika kwa mama mmoja muuza mawese, na pale njia ikaishia, maana yule mama hakuambiwa na mtu. "Mwanangu," akasema, "nilisema tu. Niliona watu wamekata tamaa, nikasema ili wapate moyo." Rachida akamuuliza, "Na baba alipopita hapa na kikapu, ulimwona?" Mama yule akainamisha kichwa. Alimwona. Aliona haya kumwita na kumwambia kwamba yeye mwenyewe hakuona njia yoyote.

Kwa hiyo usimwambie Rachida kwamba lisemwalo lipo. Atakufukuza na mwiko.

Sasa sikilizeni mambo ya siku hizi.

Sisi wanawake wa hapa tuna likelemba. Tunachanga, anapokea mmoja, siku nyingine tunachanga tena, anapokea mwingine, mpaka wote tumezunguka. Ni kitu kizuri, kimesomesha watoto na kimezika wazee. Mkubwa wetu ni Mama Odile, mke wa Papa Okito mwenye boti ya mbao inayopanda na kushuka kati ya hapa na Ubundu. Mama Odile ni mwanamke wa mikono na mdomo, na simu yake kubwa kama kibao cha Kurani.

Siku moja akatujia na habari. Siku hizi mgeni akishuka Kindu haulizi mtu. Anatoa simu, anafungua ramani, anatazama wapi wateja wameweka nyota nyingi na maneno matamu, na huko njo anapeleka tumbo lake. Nyota moja ukichukia, tano ukipenda. Akatuonyesha malewa ya Rachida: nyota moja, ya mtu aliyefika samaki wamekwisha. Tukacheka, Rachida akanuna.

"Tunachanga pesa," Mama Odile akasema, "kwa nini tusichange nyota? Kila mkutano tumpe mmoja wetu. Leo Mamy wa saluni, kesho Mama Rehema. Kila mtu nyota tano na maneno mazuri. Asiyechanga, hapokei."

Niambieni, ni nani mwingine duniani angeweza kufikiri hivyo kama si sisi? Tuliona ni sawa kabisa. Ni kusaidiana, tena bure! Mimi peke yangu sikuchanga, na msinipe sifa, ni kwa sababu simu yangu ni ya batoni, haili mega za mtandao. Nilikaa pale nikiwatazama wanavyobonyeza, roho inaniuma kwa wivu.

Zamu ya Rachida ilipofika, wakamwandikia mpaka aibu. Mmoja akaandika kuku wa kuchoma. Mwingine akaandika vinywaji baridi. Mamy, ambaye hajawahi kula pale hata siku moja, akaandika kuna terasi ya kukaa nje inayotazama mto. Aka! Terasi gani? Pale unatazama ukuta wa depo ya mizigo. Lakini wageni walikuja kweli. Siku za kwanza mabenchi hayakutosha, na Rachida akaimba jikoni. Halafu mgeni mmoja mwenye miwani akazunguka kibanda chote na sahani mkononi, akauliza, "Mama, terasi iko wapi?" Rachida akamwambia haiko. Yule akala kimya, akalipa, akaondoka kama mtu aliyeibiwa. Wali ulikuwa ule ule mtamu wa kila siku, lakini yeye alikula terasi isiyokuwepo, na hiyo haishibishi. Wengi walikula hivyo, na wengi hawakurudi. Nikamwambia, "Wifi, kizuri chajiuza. Wali wako ulikuwa unajiuza wenyewe, sasa mmeutembeza." Akanitazama vibaya, akanigeuzia mgongo.

Ikafika zamu ya boti ya Papa Okito.

Rachida akauliza, "Nani kati yetu amepanda boti hii?" Hakuna hata mmoja. Mama Odile akatabasamu lile tabasamu lake la kukata. "Mama Rehema, tulipokupa nyota uliuliza nani amekula kwako? Ulipokea, ukanyamaza. Leo njo umepata macho?" Wanawake wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Mtu aliyekula cha wenzake atasema nini? Akachukua simu. Na kwa sababu Rachida kitu akifanya hukifanya vizuri, aliandika vizuri kuliko wote: kwamba injini ni mpya, kwamba kila abiria anapewa jile ya usalama ya kumfanya aelee majini, na mwisho akaweka, "Boti hii hata mwanangu nampandisha bila hofu. Mama Rehema, malewa ya bandarini, Kindu." Mama Odile akalisoma kwa sauti, akapiga kigelegele.

Sasa huyo mwana mwenyewe. Rehema ameolewa Kisangani. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wakampa jina la babu aliyepotea: Bulaimu. Kwa desturi yetu mzazi wa kwanza anakuja kwa mama yake, akandwe, alishwe, afundishwe kumshika mtoto. Tulikuwa tunamngoja. Tulijua atakuja kwa barabara, kwa kuzunguka Lubutu, kupitia Obokote, kama kawaida yake.

Mchana mmoja nimekaa malewani nachambua maharage, simu ya Rachida ikalia, namba hatuijui. Alikuwa Rehema, sauti inacheka. Nilimsikia mpaka nilipokaa.

"Mama, salamu aleikum! Niko Ubundu! Barabara imeharibika na mvua, nikasema nipite mtoni. Simu yangu ilianguka majini, hii ni ya baba mmoja msafiri. Mama, sikia! Tulikuwa hapa tunashindwa kuchagua boti, huyu baba akafungua simu akatusomea: Mama Rehema wa malewa ya Kindu anasema hata mwanawe angempandisha. Nikapiga kelele, huyo njo mama yangu! Nikawaambia, mama yangu hasemi kitu ambacho hakukiona na macho. Basi wote wamekata nafasi kwa Papa Okito, hata wanawake wawili wenye watoto. Wanapakia mizigo, ikijaa tu tunaondoka."

Rachida akafungua mdomo, na mtandao ukakatika.

Nimeishi naye miaka mingi, sijawahi kumwona hivyo. Wali uliokuwa kwenye mwiko ulimwagika, wala hakuutazama. Akapiga ile namba. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akampigia mkwe wake Kisangani, naye hakuwa na njia yoyote. Halafu akatoka mbio bila viatu, nami nyuma yake na magoti yangu haya, mpaka kwa Mama Odile.

Papa Okito alikuwa kivulini anakunywa chai. "Papa Okito, jile ziko ngapi katika boti?"

Mzee wa watu akakuna kichwa. "Zilikuwepo. Zilichakaa. Tutanunua zingine, Mama Rehema, tukipata abiria wengi kidogo. Si njo maana ya zile nyota?"

"Na injini mpya?"

"Inatembea," akasema, akatazama kikombe.

"Mpigie dereva wako asiondoke! Mwanangu yuko ndani!"

Alipiga, kusema kweli alipiga, naye uso ulikuwa umembadilika. Haikupita. Pale ukingoni mtandao ni wa kuvizia, kama panya. Mama Odile akasema tusilete mkosi, boti ile imekwenda na kurudi mara nyingi, Mungu yupo. Rachida akakaa chini, pale pale mchangani, mikono kichwani. "Bulaimu," akasema. Sikujua anamwita yupi, baba au mjukuu. Nadhani wote wawili. Mimi nilitaka kumfariji, lakini nilikuwa naona maji tu, na mtoto katika khanga.

Kisha akainua kichwa, akaniambia, "Mama Djamali, yule baba ana simu. Akipata mtandao, yeye au mwingine yeyote, atasoma tena. Watu wanaongoja boti husoma."

Akatoa simu yake. Mama Odile akaelewa kabla yangu. "Mama Rehema, usifanye hivyo. Mji mzima utaona. Watajua tulidanganya wote, na malewa yako pia. Nani atakula kwako?"

Rachida alifuta yale maneno mazuri, akaweka mengine, anaandika na kulia, akinisomea ili asikosee: "Mimi Mama Rehema wa malewa ya bandarini nilisema uongo. Sijapanda boti hii. Sikuona jile. Sikuona injini. Wanawake tuliandikiana nyota, na mimi kwangu hakuna terasi. Wenye watoto, shukeni. Rehema, mwanangu, shuka."

Akabonyeza. Mama Odile akasema, "Umetuua," akaingia ndani akafunga mlango.

Kabla jua halijazama wanawake walikuwa wameshaondoa nyota zao zote kwenye malewa ya Rachida. Mamy akaongeza nyota moja na maneno kwamba chakula cha Mama Rehema kinaumiza tumbo. Hajakila, nakukumbusheni! Kwanza kwa kusifu, sasa kwa kuponda, mdomo wa Mamy haujawahi kuonja hata punje. Mabenchi yakabaki matupu. Rachida hakuona hata hilo. Alikuwa anakwenda bandarini, anatazama mto, anarudi, anakwenda. Kula hakula. Ukimsemesha anaitikia kitu kingine. Mimi usiku nilikuwa nasikia boti katika kila upepo. Hofu ya namna ile sikuwa nimeionja tangu vita, ile ya kungoja watu waliokwenda kwa sababu ya neno.

Siku boti ilipoonekana, bandari nzima ilisimama. Ilikuja imeinama upande, inasukumwa kwa miti kando ya ukingo, injini kimya. Nikasema alhamdulilahi, imefika. Rachida akaingia majini mpaka magotini. Wakaanza kushuka: wanaume waliolowa, mama mmoja mzee, mwingine analilia magunia yake, maana injini ilikufa njiani, maji yakaingia, wakatupa mizigo mtoni ili wasizame. Tukatazama kila uso. Hakuna Rehema. Hakuna mtoto.

Rachida akamshika dereva nguo. "Mwanamke mwenye mtoto mchanga! Alipanda?"

"Alipanda," dereva akasema. "Nilimwona ameketi mbele, penye magunia."

"Yuko wapi?"

"Mama, mimi nilikuwa napambana na injini. Sijui."

Ee Mungu. Wifi yangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aligeuka akatazama mto, akawa anahema kama mtu aliyebeba gunia la mchele. Mama Odile, aliyekuwa amesimama mbali na sisi tangu asubuhi, akaweka mkono mdomoni. Mimi njo niliyelia kwa sauti, sioni haya kusema.

Yule mama mzee aliyeshuka akatukaribia, anakamua khanga yake. "Mnamtafuta mwenye mtoto? Huyo alishuka kule kule Ubundu. Tulikuwa tumeshaketi. Baba mmoja alipata mtandao akatusomea kitu kuhusu jile. Yule msichana alisimama kabla hajamaliza, akambeba mtoto wake, akashuka. Wenye watoto wote wakamfuata, na yule baba mwenyewe. Mimi nilibaki. Nilisema hayo ni maneno ya wivu." Akatazama miguu yake iliyolowa. "Nimekiona cha moto, jamani."

Tulimpeleka Rachida malewani tukimshika mikono, na jioni ile simu ikalia, namba ile ile. Safari hii Rehema hakucheka.

"Mama. Mtandao njo umerudi leo. Bado tuko Ubundu, tunangoja boti kubwa. Bulaimu ananyonya."

"Uliniamini," Rachida akasema. "Nilikudanganya, ukaniamini."

"Mara ya kwanza niliamini jina lako, mama. Mara ya pili nilisikia mtu ananisomea 'sikuona', na hilo neno ni wewe mwenyewe kabisa. Hakuna mwingine anayesema hivyo."

Rehema alifika. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukamlisha mpaka akalalamika. Malewa yalikaa vibaya kwa muda, sitawadanganya, nimeshaona uongo unapopeleka watu. Kisha yule baba wa simu akashuka Kindu, akaja, akala, akaandika, "Samaki mzuri. Terasi hakuna. Mama anauliza maswali mengi." Akaweka nyota nne. Rachida aliniomba nimsikilize akizisoma kila asubuhi, mpaka nikachoka. Wengine wakafuata kidogo kidogo, watu waliokula kweli, na wakija wanakuta kile walichosoma.

Mama Odile alikaa muda bila kupita kwetu. Halafu siku moja akaja kumwona mtoto, na sabuni na kitambaa kama desturi inavyotaka. Alikaa benchini. Tulinyamaza wote, hata mimi, na hiyo si kazi ndogo.

"Ulituaibisha mbele ya mji mzima," mwisho akasema. "Hukuona haya?"

"Niliona," Rachida akamjibu. "Yule mama wa mawese naye aliona haya, njo maana hakumwita baba."

Mama Odile alikijua kile kisa, Kindu nzima inakijua. Alinyoosha mikono, akampokea Bulaimu, akampakata muda mrefu, akimtazama vidole. Alipomrudisha, macho yake yalikuwa mekundu.

"Okito amenunua jile," akasema. "Kesho uje uone na macho yako."

Rachida akaitikia kwa kichwa. Mimi nikasema nitakuja pia, maana macho yangu hayahitaji mega.